Muulize nani anamlipa

UKINGONI MWA LUALABA
Na Amisi Salumu

Mijadala ya televisheni za Kinshasa hutufikia Kasongo ikiwa vipande: dakika mbili tatu kwenye simu ya kijana wa pikipiki, kioo kimepasuka, watu watano wameinama juu yake. Msemaji hajamaliza sentensi ya kwanza, mtu ameshauliza: "Huyu ni wa wapi?" Wakisema ni wa Kasai, basi amekwisha kujibiwa. Wakisema ni wa Kivu, amejibiwa vilevile. Kama aliyoyasema kuhusu barabara au dhahabu ya Salamabila ni kweli au ni uongo, hilo hakuna mwenye haraka nalo.

Yuko mwandishi mmoja ng'ambo ya Tanganyika aliyewahi kujibiwa hivyo na serikali nzima. Jenerali Ulimwengu alizaliwa mwaka 1948 huko Ngara, pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika katika Daily News, akaenda Algiers kulitumikia shirikisho la vijana wa Afrika, akarudi akawa mkuu wa wilaya, kisha mbunge. Kamba za chama kimoja zilipolegea mwanzoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake wakaanzisha kampuni ya Habari na gazeti la Rai, na baadaye Mtanzania. Kalamu yake ikawa safu, Rai ya Jenerali. Sauti yake ikawa kipindi cha televisheni, Jenerali on Monday, ambamo wakubwa walikuja kuulizwa maswali waliyozoea kuulizwa na wake zao tu.

Mimi si mfuasi wake wa kila neno. Akishika mada huishika wiki baada ya wiki, na kuna pahali msomaji anatamani kumshika mkono amwambie, mzee, tumeelewa. Tena mtu aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya anapowakaripia wakuu wa wilaya, najiuliza alikuwaje yeye siku zake. Lakini Kiswahili chake kina uti wa mgongo, na hamwogopi aliye juu. Kwa mwandishi wa safu sifa hizo mbili hazikutani mara nyingi.

Mwaka 2001, Benjamin Mkapa akiwa rais, serikali ikatangaza kwamba Ulimwengu si raia wa Tanzania. Hakuwa peke yake: walitajwa pia balozi Timothy Bandora, Anatoli Amani aliyeongoza CCM mkoani Kagera, na Maudline Castico wa Zanzibar. Hebu fikiri. Mtu ameapishwa bungeni, amekabidhiwa wilaya, ametumwa ugenini kwa jina la nchi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza babu yake alizikwa wapi. Swali la babu lilikuja baada ya safu na televisheni. Ilimbidi aombe uraia wa nchi aliyozaliwa, akaja kuupata. Miaka mitatu baada ya tangazo lile, serikali ya Zambia nayo ikaamuru Roy Clarke, Mwingereza aliyeishi huko miaka mingi akiandika safu ya kejeli katika gazeti la The Post, afukuzwe nchini kwa kumfananisha rais na tembo. Mahakama Kuu ikakataa.

Sisi wa Maniema ya kusini tusijifanye watazamaji. Sheria ya Zaire ya mwaka 1981 iliuweka uraia juu ya makabila yaliyokuwamo nchini tarehe 1 Agosti 1885. Kwa Kasongo tarehe hiyo ni kichekesho kichungu. Mwaka 1885 mji huu ulikuwa mkononi mwa Tippu Tip. Walikuwapo Wakusu na Wazula, Wazimba na Wabangubangu wa upande wa Kabambare, Wanyamwezi waliokuja na misafara, Waswahili wa pwani, na mateka waliotolewa mbali, ambao watoto wao ndio waliokuja kuitwa waungwana. Nani kati yao mwenyeji, nani mkuyakuya? Wajukuu wao leo wanaswali pamoja Ijumaa na kugombania viwanja Jumamosi.

Na Tippu Tip mwenyewe ndiye aliyetuonyesha asili ilivyo rahisi kutungwa. Katika maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili, anasimulia bila haya jinsi alivyoupata utawala wa Utetela. Alisikia kwamba mtawala mzee, Kasongo Rushie, alikuwa na dada waliotekwa zamani. Akaenda akajitambulisha kuwa yeye ni wa uzao wa mmoja wa wale dada. Mzee akafurahi, akamwachia nchi. Ndiyo maana nasikitika ninapoona watu wazima wanapima hoja kwa ukoo.

Mwaka 2021 wazo hilo lilirudi Kinshasa likiwa limevaa suti. Noël Tshiani alibuni pendekezo la sheria, mbunge Nsingi Pululu akalipeleka bungeni, kwamba urais na vyeo vikubwa viwe vya waliozaliwa na baba na mama Wakongo. Kila mtu alielewa kwamba linamlenga mwanasiasa Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgiriki. Wiki nzima wasemaji wa televisheni walichambua damu, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa nani amemlipia nauli ya kufika studio.

Hilo ndilo swali lenye maana, nalo kwetu lina jina: coupage, ile bahasha anayopewa mwandishi na yule anayeandikwa habari zake. Kijana wa redio ya jamii hapa Kasongo au kule Kabambare kwa kawaida hana mshahara. Anaishi kwa matangazo ya misiba, ya mbuzi aliyepotea, ya harusi, na kwa bahasha ya mheshimiwa aliyeteremka kutoka Kindu kufanya mkutano. Simlaumu, ana watoto. Ila nataka nijue siku aliyoipokea, ili jioni akitangaza kwamba mkutano ulifana sana nijue nipunguze kiasi gani.

Mambo ya Ulimwengu yenyewe yanashuhudia. Tangazo la 2001 halikuinyamazisha kalamu yake. Kilichobadilisha alichoweza kuandika, na wapi, ni mwenye mali: katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Habari ikaingia mikononi mwa Rostam Aziz, mfanyabiashara na mbunge wa chama tawala. Tangu 2007 Rai ya Jenerali ilisomwa katika gazeti jipya, Raia Mwema, na kwa Kiingereza aliandika katika The EastAfrican. Msomaji wa Rai aliyejishughulisha na ukoo wa mwandishi alikuwa anachungulia mlango usiokuwa na mtu; gazeti lilikuwa linatokea mlango wa pili.

Basi wale watano waliojikusanya kwenye simu ya pikipiki nawaomba wabadilishe swali. Naanza na mimi. Gazeti hili linanilipa kwa kila safu inayotoka, isipotoka, silipwi. Kipato changu kikubwa ni mpunga, ninaoununua vijijini na kuupeleka Kindu. Shemeji yangu ana cheo katika serikali ya jimbo, na gari analotumia limewahi kunibebea magunia bila malipo. Siku nikiandika hapa kwamba barabara ya Kindu inatengenezwa vizuri, mkumbuke hayo magunia.