Je, Kila Toleo Jipya Lafaa Kununuliwa?

Mtu anunuaye ngoma huilipia mara moja. Ngozi ikipasuka huiwamba upya, na kamba ikilegea huikaza. Lakini mchongaji hamjii mlangoni kila mwaka kumdai fedha nyingine kwa kuwa ameanza kuchonga ngoma za umbo jipya. Katika biashara ya programu za muziki desturi ni nyingine. Mnunuzi hulipa leo, hulipa mwakani, na mwaka wa tatu hulipa tena. Akisita, huambiwa kuwa dunia imemwacha nyuma. Nasema kuwa kwa wanafunzi, walimu na wanakwaya walio wengi, malipo haya ya kila mara hayana faida ilinganayo na gharama yake, na yafaa yakataliwe mpaka haja yenyewe ithibitike.

Programu hizi ni za namna mbili. Namna ya kwanza huandika muziki: mtungaji huweka noti za sauti nne za kwaya, kompyuta humpigia azisikie, kisha humchapia karatasi safi. Sibelius, Dorico na MuseScore ni za namna hiyo. Namna ya pili hurekodi sauti na kuzichanganya, kama zifanyavyo Cubase, FL Studio, Reaper na Audacity. Kazi ya msingi ya zote haibadiliki kila mwaka. Noti huandikwa leo juu ya mistari mitano kama zilivyoandikwa kabla ya kompyuta kuzaliwa, na do haijapata kugeuka kuwa re kwa sababu ya toleo jipya.

Wapo wasemao kuwa alipaye daima hununua usalama. Habari ya Finale yawajibu. Programu hiyo ilitoka mwaka 1988, na kwa zaidi ya miaka 30 watungaji na walimu wa nchi nyingi walilipia matoleo yake, moja baada ya jingine. Mwezi wa Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic, iliyokuwa mwenyewe, ilitangaza kuwa haitaiendeleza tena. Aliyekuwa amelipia kila toleo na aliyelipia moja tu walipata habari ile ile siku ile ile. Wakashauriwa kuhamia Dorico, programu ya kampuni nyingine, kwa bei iliyopunguzwa. Uaminifu wa miaka yote haukuwa ngao.

Wala malipo hayamfungi fundi kwa mteja. Sibelius ilianzishwa Uingereza na ndugu wawili, Ben na Jonathan Finn, ikatolewa mwaka 1993. Kampuni ya Avid iliinunua mwaka 2006, na mwaka 2012 ikafunga ofisi ya London walimofanya kazi mafundi wake. Wengi wao waliajiriwa na Steinberg, wakaunda Dorico iliyotoka mwaka 2016. Basi aliyeendelea kulipa kwa kuamini mikono ya mafundi wale aliilipa nyumba baada ya wenyeji kuhama.

Kubaya zaidi ni kukodi. Programu ya kukodi hufungwa kodi ikikatika, na mtungaji huweza kuzuiwa kuhariri wimbo alioutunga kwa akili yake mwenyewe. Mwaka 2023 kampuni ya Waves ilijaribu kuacha kuuza vifaa vyake vya kuchanganya sauti na kuvikodisha tu. Wateja walilalamika kwa sauti moja, na baada ya siku chache uuzaji ukarudishwa. Mnyonge akisema peke yake hupuuzwa. Wakisema wengi husikilizwa.

Lakini haki itendwe pande zote. Mafundi nao hula, na kazi yao yastahili ujira. Tena kuna wakati toleo jipya ni la lazima: mwaka 2019 mfumo mpya wa kompyuta za Apple ulikataa kuendesha programu za biti 32, na wenye programu za zamani walilazimika kuchagua. Alipaye wakati huo hana lawama, kwa maana hununua kazi na wala hanunui hofu. Wapo pia wauzaji wenye kiasi. Anunuaye FL Studio hupewa matoleo yafuatayo bila malipo mengine, na leseni ya Reaper humtumikia mtu kwa matoleo makuu mawili. MuseScore na Audacity hazidai hata senti. Haiwezekani basi kusema kuwa biashara hii haina njia nyingine.

Kinga ya kweli ni kuhifadhi kazi. Kila wimbo uliokamilika uwekwe katika faili ya MusicXML, ambayo programu nyingi huisoma, na nakala yake ichapishwe karatasini. Mwenye kufanya hivyo aweza kuhama programu pasipo kuacha nyimbo zake nyuma.

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito wake. Programu nyingi huuzwa kwa dola, nayo karo hulipwa kwa shilingi. Fedha iliyokwenda kwa toleo lisilohitajiwa haikununua nyuzi za gitaa, wala haikumlipa mpiga nyatiti awafundishe vijana. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwaya zilishindana na kushinda kwa miaka mingi kabla ya programu hizi kuwako. Waamuzi husikiliza sauti. Hawaulizi mwaka wa toleo.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kijana atakayeombwa kulipia toleo jipya na ajiulize maswali matatu: Ni kazi gani nashindwa kuifanya leo? Je, toleo hili laiwezesha? Je, hakuna njia nyingine ya bei ndogo? Majibu yakiridhisha, na alipe kwa moyo mweupe. Yasiporidhisha, na afunge mfuko wake, afungue kinanda, atunge.