Mjumbe Hauawi, Lakini Hulipa

Liko neno ambalo twalisikia mno maofisini, nalo ni hili: "Mimi ni karani tu, nimefanya nililoagizwa." Hulisema aliyepiga chapa hati asiyoisoma, na aliyekwenda kumtoa mtu nyumbani mwake pasipo kuuliza ni kwa sheria ipi. Akikemewa, hujifunika kwa methali ya wazee: mjumbe hauawi. Sisi twakana ya kwamba neno hilo ni udhuru, tena twakana ya kwamba methali hiyo ilitungwa kwa kazi hiyo. Wala hatusemi haya kwa kubuni. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa mahakamani, yapata miaka 260 sasa.

Wasomaji wetu na waipime habari hii. Mwezi wa Novemba 1762 matarishi wanne wa Mfalme wa Uingereza, mmoja wao Nathan Carrington, waliingia katika nyumba ya mwandishi John Entick. Walishika hati iliyotiwa sahihi na Lord Halifax, Waziri wa Dola. Entick alishukiwa kuandika maneno ya kuichafua Serikali katika gazeti liitwalo The Monitor. Matarishi wakakaa humo muda wa saa nne. Wakavunja makufuli ya milango na masanduku, wakasoma karatasi zake za siri, wakachukua nyingine wakaenda zao.

Entick hakuinua fimbo. Aliwashtaki matarishi wale wanne kwa majina yao. Nao wakajibu kama wajibuvyo wengi hata leo: tulitumwa, hati tunayo, na aliyetutuma ni Waziri. Wakaongeza ya kwamba hati za namna ile zilikuwa zikitolewa miaka mingi bila kupingwa, na ya kwamba dola haiwezi kujilinda bila hizo.

Mwaka 1765 jaji Lord Camden alizivunja hoja zote. Maana ya hukumu yake ni hii: kila aingiaye katika milki ya mtu bila idhini ni mkosaji, mpaka aonyeshe sheria iliyomruhusu. Kama sheria hiyo ipo, itaonekana katika vitabu vya sheria. Kama haimo, basi haipo. Desturi ya ofisi haigeuki kuwa sheria kwa kuzeeka. Haja ya dola haigeuki kuwa sheria kwa kutajwa na mkubwa. Raia walioapishwa kusikiliza shauri walikuwa wamekadiria fidia ya pauni 300, na waliohukumiwa kuilipa ni matarishi.

Hapo ndipo twataka kila karani asimame afikiri. Ni kweli kwamba Halifax naye alifikiwa na sheria: mwaka 1769, katika shauri la John Wilkes, alihukumiwa kulipa pauni 4,000. Lakini huo ulikuwa mwaka wa nne baada ya matarishi wake kuhukumiwa. Mkubwa ana njia nyingi za kukawia. Mdogo hana hata moja, kwa kuwa jina lake ndilo lililo mlangoni.

Na ile methali? Mjumbe asiyeuawa ni yule achukuaye maneno kutoka kwa huyu kumpelekea yule. Avunjaye kufuli si mjumbe tena. Ni mvunjaji, hata akiwa na hati yenye mihuri saba.

Watakuwapo watakaosema: hayo ni mambo ya Waingereza, yatuhusu nini? Twawajibu kwamba yatuhusu sana. Sheria za mahakama za Uingereza zililetwa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu ya Entick ilikuwa miongoni mwake. Tena Katiba yetu ya 1977, iliyoongezewa haki za raia mwaka 1984, yailinda nafsi ya mtu na maskani yake katika ibara ya 16.

Zaidi ya hayo, zamani mtu wa Tanzania hakuweza kuishtaki Serikali mpaka kwanza apewe ridhaa na Serikali yenyewe, ndiyo kusema kumwomba mdaiwa ruhusa ya kumdai! Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo lavunja Katiba. Mwaka uliofuata Bunge liliondoa ridhaa, likaweka notisi ya siku 90. Basi mlango wa mahakama u wazi, na karatasi tuzitiazo sahihi zaweza kusomwa mbele ya jaji.

Wala mtu asiseme, "Majaji ndio walinzi, sisi tutii tu." Majaji nao hulegea. Mwaka 1941, wakati wa vita, majaji wa Baraza la Malordi la Uingereza walikubali, katika shauri la Robert Liversidge, kwamba neno la Waziri latosha kumweka mtu kizuizini. Lord Atkin peke yake alikataa. Ilipofika 1979 ndipo Lord Diplock, katika Baraza lile lile, alipokiri kwamba wale wengi walikosea. Miaka 38 ni mingi kwa mtu aliye nyuma ya komeo.

Twajua lalamiko lililobaki: karani mdogo akiuliza, atapoteza mkate wake. Lalamiko hili ni la haki, nasi hatumshauri mtu awe mjeuri. Twashauri mambo matatu, yote ya adabu. Aombe amri kwa maandishi. Aulize ni kifungu gani cha sheria. Na jibu alilopewa aliandike katika faili, pamoja na tarehe. Mkubwa mwenye amri halali hataudhika kwa maswali hayo; audhikaye ametupa jibu tayari.

Lakini mtu mmoja hawezi kuubeba mzigo huo peke yake, na hapa twakiambia chama. Kudai nyongeza ya mshahara ni wajibu wake. Kumsimamia mwanachama aliyeadhibiwa kwa kuuliza sheria ni wajibu wake pia, tena mkubwa zaidi. Chama kikinyamaza hapo, kitawafundisha wanachama wote kunyamaza, na ada tunayotoa kila mwezi itakuwa ya chai na viti.

Utumishi wa raia si utumwa. Mtumwa huuliza, "Nani amesema?" Mtumishi wa raia huuliza, "Imeandikwa wapi?"