Shule inayomkataa mtoto mwenye ulemavu iwajibishwe

Kila msimu wa uandikishaji, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu hujibiwa kwa upole katika ofisi ya mwalimu mkuu: "Mama, huyu hatutamweza. Mpeleke shule maalumu." Shule maalumu yenyewe iko mbali, pengine mkoa mwingine, au mabweni yake yamejaa. Mama anarudi na mwanawe nyumbani, na hakuna daftari lolote linaloonyesha kwamba alifika.

Jibu hilo, hata likitolewa kwa huruma, linakiuka sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 nayo inamlazimu mzazi kumpeleka mtoto shule, na asipofanya hivyo huitwa na mtendaji wa kijiji ajieleze. Mwalimu mkuu anayemrudisha mtoto yuleyule haitwi na mtu.

Tunafahamu kwamba walimu wa elimu maalumu ni wachache na madarasa yamefurika. Lakini yako mengi yasiyosubiri bajeti kubwa. Mtoto mwenye uoni hafifu anahitaji dawati la mbele na ubao uliopakwa rangi upya. Mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kiti chenye egemeo ambacho fundi seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza, na mlango usio na kizingiti.

Halafu kuna choo. Ada ilifutwa mwaka 2016, lakini mtoto asiyeweza kuchuchumaa hasomi kwa amani mahali ambapo choo ni tundu kwenye sakafu, hakuna hata bomba la kushikilia. Hujizuia kunywa maji tangu asubuhi. Mama yake hukaa nje chini ya mti hadi mchana amsaidie, na biashara yake ya maandazi inakufa hivyo. Ni aibu kwa halmashauri kujenga choo kipya cha namna hiyo leo.

Mtoto kiziwi ndiye hasa anayehitaji mwalimu anayejua lugha ya alama, na anamhitaji mapema. Kumketisha miaka saba mbele ya midomo inayochezacheza na kumwita mwanafunzi ni udanganyifu.

Nyumbani nako hatutanyamaza. Wako wanaume wanaomkimbia mke mara mtoto anapoonekana ana ulemavu, wakidai kwao hakuna ukoo wa namna hiyo. Ustawi wa jamii uwatafute na watoe matunzo. Wako pia wanaomfungia mtoto ndani wageni wakija. Mtoto huyo apelekwe kliniki, afundishwe kula na kuvaa mwenyewe, atumwe dukani kama nduguze.

Tunaitaka TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, iagize kwamba mwalimu mkuu yeyote atakayemkataa mtoto aandike sababu, aisaini, na nakala ifike kwa ofisa elimu wa wilaya siku hiyohiyo. Ofisa huyo apewe siku 14 za kumpatia mtoto nafasi na usafiri, na akishindwa, suala lake lijadiliwe katika baraza la madiwani jina lake likitajwa. Agizo hilo litoke kabla ya shule kufunguliwa Januari.