Mlango uwepo, lakini uwe na komeo

Mhazini wa jumuiya yetu mmoja alitumiwa kadi ya harusi kwa WhatsApp. Haikuwa picha, ilikuwa programu. Simu ikamwonya kwa Kiingereza, naye akakubali, kama wengi wetu tunavyokubali bila kusoma. Programu ikajifanya ya huduma ya fedha, ikamwomba namba ya siri, akaiandika. Fedha za rambirambi zikaenda. Tangu siku hiyo tunaulizana: kosa ni la mama huyu, au la simu iliyomfungulia mlango?

Wapo wanaosema mlango ufungwe kabisa. iPhone imefuata njia hiyo tangu duka lake la programu lilipofunguliwa mwaka 2008, ingawa mwaka 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya iliilazimisha Apple kukubali maduka mengine huko Ulaya. Android huruhusu programu kutoka nje ya duka, mwenye simu akikubali. Mwaka 2025 Google nayo ilitangaza kwamba watengenezaji wa programu watatakiwa kujitambulisha, kwa kuanzia na nchi chache.

Hatuungi mkono kufunga kabisa. Mfrateri anayetengeneza programu ya ratiba ya kwaya na kuwagawia wenzake kwa Bluetooth hana kosa lolote. Tena, ufunguo ukishikwa na kampuni moja, ndiyo itakayoamua nani aingie na kwa bei gani.

Lakini uhuru ambao mhazini hauelewi haumsaidii, humsaidia mwizi. Wala kuongeza maonyo si dawa. Mwaka 2007 Windows Vista iliomba ruhusa mara nyingi mno, watu wakazoea kubonyeza tu, hata Microsoft ikapunguza maswali hayo katika Windows 7. Kengele inayolia kila dakika haimwamshi mtu.

Kwa maoni yetu, simu itoke kiwandani ikiwa imefungwa. Anayetaka kufungua aweze, lakini kwa hatua za makusudi zinazompa muda wa kufikiri, na kwa lugha anayoielewa. Mjuzi hatapoteza chochote kwa kuchelewa dakika chache. Asiyejua ataokoa fedha za watu.

Wakati tukiwasubiri watengenezaji, tunayo kazi yetu. Android inaweza kuzungumza Kiswahili. Tuwabadilishie lugha wazazi wetu wanaoitaka. Tangu toleo la 8, ruhusa ya kuweka programu kutoka nje hutolewa kwa kila programu peke yake, kwa hiyo WhatsApp inaweza kunyimwa. Kukagua hilo ni kazi ya dakika chache baada ya sala ya jumuiya.

Mama mhazini hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake na swali asilolielewa, na sisi tunaolielewa tulikuwa tumekaa benchi moja naye.