Marekani: nyumba ya kahawa inayosimamishwa na watu wa kujitolea

Mwanzoni mwa Mei 2025, NEA, mfuko wa serikali ya Marekani unaosaidia sanaa, uliyaandikia mamia ya mashirika kwamba misaada yao imefutwa. Wakati huohuo raisi Donald Trump alipendekeza bajeti inayoufuta mfuko wenyewe. Huku mashariki mwa Congo habari kama hiyo haishangazi mtu. Tangu misaada ya USAID iliposimamishwa Januari mwaka ule, tunajua mradi unavyokufa kwa barua moja.

Swali ni hili: feza ya mfadhili ikikatika, ni nyumba gani ya muziki inabaki wazi? Mfano mmoja unafaa kuangaliwa karibu, Caffè Lena, katika mji mdogo wa Saratoga Springs, jimbo la New York.

Lena Spencer na mume wake Bill waliifungua mwaka 1960, ghorofani, wakitaka kutafuta feza miaka michache kisha wahame. Bill aliondoka, Lena akabaki. Muziki wao ni ule unaoitwa folk: gitari, banjo (chombo chenye asili ya Afrika, tusisahau), nyimbo za wakulima, wachimbaji wa makaa na wafanyakazi wa migomo. Mwaka 1961 aliimba pale kijana asiyejulikana, Bob Dylan, na watu waliendelea kuzungumza bila kumsikiliza. Mwaka 2016 kijana huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Lena alikufa mwaka 1989 bila kutajirika. Kwa kawaida nyumba ya namna hiyo inazikwa pamoja na mwenyewe. Hii haikuzikwa, kwani marafiki na wasikilizaji waliigeuza kuwa shirika lisilo la faida. Mpaka sasa, watu wa kujitolea wanapokea wageni mlangoni, wanabeba vikombe, wanahudumia meza.

Hesabu yake ni tofauti na ya nganda. Katika nganda bia ndiyo inalipa, na mwanamuziki yuko pale ili chupa ziishe haraka. Chini ya Lena pombe haikuuzwa, na kikombe kimoja cha kahawa hakiwezi kulipa bendi. Kwa hiyo kazi ya bure ya wahudumu inaacha feza ya kiingilio imfikie mwimbaji. Hapo ndipo wengi wanakosea: wakisikia «kujitolea» wanafikiri mpiga gitari ndiye atapiga bure. Caffè Lena inamlipa. Ina pia wafanyakazi wachache wa mshahara, wachangiaji wa kila mwaka, na juu ya yote jengo lake yenyewe. Mwaka 2016 jengo hilo lilitengenezwa upya, likawa na viti 110. Hakuna mwenye nyumba wa kuwafukuza.

Je, tunaweza kuiga? Tusidanganyane. Saratoga ni mji wa mbio za farasi na wastaafu wenye pensheni. Mtu anaweza kuosha vikombe jioni na bado akala kesho. Kijana wa Goma anayejitolea mara nyingi anangojea kazi, akitumaini kwamba jina lake litaonekana. Festival Amani, iliyoanza Goma mwaka 2014 kwa kiingilio cha dola 1, iliendeshwa na mamia ya vijana wa aina hiyo. Moyo wa kujitolea hatujaukosa. Lakini wafadhili wa nje walichangia pia, na tangu M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025 benki zikafunga milango, hata mwenye feza alishindwa kuitoa.

Kahawa nayo haituhangaishi. Arabika ya Kivu inapandwa Minova, Kalehe na Idjwi, kisha sehemu kubwa inapandishwa meli kwenda kunywewa ng'ambo, pengine hata katika nyumba kama ile ya Lena.

Kinachotukosesha usingizi ni paa. Vikundi vingi vinafanya mazoezi katika nyumba ya kupanga, au uwanja wa shule au parokia uliokopwa, na siku mwenyewe akiutaka, muziki unatoka. Mfadhili akirudi siku moja na dola zake, vikundi vitaomba spika na mataa kama kawaida. Vingeomba kiwanja kwanza, chenye hati kwa jina la shirika, si la kiongozi wake.