Mnara Mdogo wa Kabatini

Huku Ruhembe miwa imesimama, vumbi la malori limetujaa puani, na jioni upepo ukishuka kutoka milima ya Vidunda mtu hutafuta shuka ya pili. Lakini leo sina habari za miwa. Nina habari za mnara, tena mnara wa baharini. Utaniuliza, Mzee, tangu lini Ruhembe ikawa na bahari? Ngoja kwanza, nitafika.

Jirani yangu ni bibi mmoja mjane. Kabatini mwake, katikati ya vikombe vya wageni, pana mnara mdogo wa udongo, kimo chake kama chupa ya soda, umezungushiwa mistari myeupe na myeusi kama nyoka aliyejizungusha mtini. Marehemu mumewe aliuleta zamani, alipokuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Baharia mmoja alimpa. Shingoni umevunjika, ukaungwa kwa gundi. Juma lililopita mjukuu wa bibi huyo, mtoto wa darasa la tatu, alinishika mkono akanipeleka hata kabatini. "Babu, nyumba hii ya nani? Mbona ndefu hivi, tena mlango mmoja tu?"

Nikamwambia, hiyo ni nyumba ya taa. "Umepata kusafiri usiku katika barabara ipitayo mbuga ya Mikumi? Dereva akiona macho ya nyati yanang'aa mbele, hupunguza mwendo. Basi mwamba wa baharini hauna macho. Umelala chini ya maji kimya, wala nahodha hauoni mpaka chombo kimepasuka. Kwa hiyo watu hujenga mnara, wakaweka taa juu, ili nahodha ajue kwamba hapa pana hatari, apite kule." Nikamweleza pia kwamba kila mnara una namna yake ya kuwaka na kuzima, hata baharia akihesabu sekunde hujua yu wapi.

Kazi hii ni ya kale sana. Huko Aleksandria katika nchi ya Misri ulijengwa mnara yapata miaka 280 kabla ya Kristo, ukasimama zaidi ya miaka elfu, hata matetemeko ya ardhi yakauangusha. Mwaka 1823 Mfaransa Augustin Fresnel aliweka katika mnara wa Cordouan, pwani ya Ufaransa, kioo cha namna mpya: vipande vingi vimepangwa kuizunguka taa, hata mwanga ambao ungepotea juu na chini ukakusanywa kuwa mwali mmoja uendao mbali. Taa moja ikaanza kufanya kazi ya taa nyingi.

Mtoto akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nikabaki nautazama mnara ule wa bibi, maana naujua. Nimeona picha ya mama yake, kama naweza kusema hivyo. Unafanana kabisa na mnara wa Cape Hatteras, ulio North Carolina katika nchi ya Marekani. Taa ya mnara ule iliwashwa mwaka 1870, na kimo chake chapata meta 60. Umepakwa mistari ile ile ya kuzunguka, ili mabaharia waujue hata mchana.

Sasa nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Huko Marekani wako watu ambao kabati zao zimejaa minara midogo ya namna hiyo. Mwingine anayo hamsini, mwingine mia. Wengi wao si mabaharia, wala hawana chombo. Wengine hukaa bara kabisa, mbali na pwani kama sisi tulivyo mbali na Bagamoyo. Tena watu hao hukutana. Huleta vitu vyao, huvipanga mezani, hubadilishana, hula pamoja, hubishana kama dirisha la mnara fulani lilikuwa jekundu au la kahawia. Mtu akiwaona atadhani ni watu wazima waliorudi utotoni. Lakini ngoja mnada uanze. Mtu hutoa kitu chake akipendacho, mwingine hukinunua kwa bei ambayo dukani angeikataa, na fedha ile haiingii mfukoni mwa mwenye kitu. Hupelekwa kwa chama kinachotengeneza mnara wa kweli, ule uliooza ngazi, au uliovunjika vioo, au uliolika chuma kwa chumvi ya bahari.

Kiko chama kimoja, United States Lighthouse Society, kilichoanzishwa mwaka 1984. Hao wana kijitabu kama pasi ya kusafiria. Mwenye kijitabu akifika kwenye mnara hupigiwa muhuri wa mnara ule, naye hutoa sadaka ndogo, yapata dola moja, ya kuutunza mnara huo huo alioufikia. Akijaza mihuri 60 hupewa alama ya kushonea nguoni. Mimi nalipenda sana jambo hilo la muhuri. Mtu hatoi fedha yake kwenda asikojua. Ameuona ufa kwa macho yake, ameshika ukuta, ametoa dola yake pale pale.

Mbona minara ile yahitaji sadaka, na serikali ya Marekani si maskini? Sababu ni kwamba taa nyingi siku hizi hujiwasha zenyewe, watunzaji waliokuwa wakikaa humo wameondoka, na meli huongozwa na mitambo isomayo habari kutoka angani. Nyumba isiyokaliwa huzeeka upesi. Jambo hilo kila mtu wa kijijini alijua kabla ya wahandisi. Basi mwaka 2000 ilitungwa sheria kwamba minara isiyotakiwa tena na serikali ipewe bure halmashauri au vyama vinavyoahidi kuitunza, na ule usiopata mtunzaji upigwe mnada. Kupewa bure ni maneno tu, kwa maana anayepewa hupewa pamoja na mzigo wa kutengeneza.

Nisikudanganye, msomaji, kwamba mnada wa vitu vya kabatini waweza kila kitu. Tazama mnara wa Cape Hatteras wenyewe. Ulipojengwa ulikuwa mbali na maji yapata meta 450. Bahari ikala mchanga mwaka hata mwaka, ikaja ikabaki yapata meta 36 tu. Watu wakabishana miaka mingi. Wenyeji wengine walikataa katakata usiguswe, wakihofu kwamba ukisogezwa utabomoka. Mwaka 1999 ukainuliwa mzima mzima, tani zipatazo 4,800, ukasogezwa juu ya reli polepole siku 23, mwendo wa meta 880 hivi. Kazi ile iligharimu dola zipatazo milioni 12, nayo fedha hiyo ilikuwa ya serikali. Wapenda minara wasingeiweza. Lakini kama pasingekuwa na watu wa kupiga kelele miaka yote ile, wakichanga kidogo kidogo na kuandika barua, sidhani kama serikali ingekumbuka.

Nilipomsimulia mzee mwenzangu habari hizi barazani, alicheka hata kofia ikamdondoka. "Watu hao wameshiba," akasema, "ndiyo maana wanacheza na vidoli." Nikamwuliza, "Mzee, Jumapili ile ya mavuno, yule jogoo mwekundu alinunuliwa na nani?" Akanyamaza. Jogoo yule alinunuliwa na mzee huyo huyo kwa bei ya majogoo wawili, akamrudisha mezani, akanunuliwa na mkulima wa miwa, naye akamrudisha, akauzwa mara ya tatu kwa mama mmoja aliyemchukua nyumbani kweli. Je, jogoo yule alikuwa na thamani gani? Sokoni anajulikana bei yake. Pale nje ya kanisa alikuwa amekuwa kitu kingine. Basi wale wa Marekani nao wana jogoo wao, isipokuwa wao ni wa udongo na hawawiki.

Wala usidhani minara ni mambo ya mbali tu. Wenye watoto wanaofanya kazi Unguja waulizeni. Boti ikitoka Dar es Salaam ikaukaribia mji wa Unguja, hupita karibu na kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Mnara wa hapo ulijengwa mwaka 1904, nao ungali unaonyesha njia. Mwenye miguu mizuri hupanda ngazi zaidi ya 130 kufika juu. Nyumba ya mtunza taa ilikuwa imebaki gofu. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza matumbawe ya kisiwa hicho kuwa hifadhi, na lile gofu likatengenezwa likawa nyumba ya kupokelea wageni na kufundishia. Wageni hulala katika nyumba saba za makuti, hulipa, na malipo yao ndiyo yanayowalisha walinzi, ambao wa kwanza wao walikuwa wavuvi wa huko huko. Ndiyo pia yanayowapeleka watoto wa shule wa Unguja kuona samaki na matumbawe.

Bahari ile si ya mchezo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe kwa upepo mkali, na watu wengi walikufa. Ilikuwa mchana, taa haikuwa na la kufanya. Nalisema hilo ili mtu asifikiri kwamba mnara ni hirizi. Mnara ni chombo cha kazi moja tu, nao usipotunzwa hata kazi hiyo moja hauifanyi.

Na mjini Unguja kwenyewe liko jambo lililonihuzunisha zaidi. Mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, palikuwa na mnara wa taa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipopiga mizinga, mnara ule uliharibika ukabomolewa, na mwaka 1897 jumba likawekewa mnara wa saa usoni pake. Vizazi vyote vya Unguja vilisoma saa pale. Kisha uzee ukaingia. Mwaka 2012 upande mmoja wa jumba ulianguka, likafungwa. Kazi ya kulitengeneza ilikuwa imekwisha anza, kwa fedha iliyotoka Oman, ndipo tarehe 25 Desemba 2020, sikukuu yenyewe ya Noeli, sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa. Mafundi wawili wakafa. Fedha ilikuwapo, mafundi walikuwapo, lakini jengo lilikuwa limekwisha ngoja mno.

Sasa msomaji umeanza kuona ninakokwenda. Kiko kigango kimoja, sitakitaja. Kengele yake ilitundikwa kati ya nguzo mbili za mti, na nguzo zimeliwa na mchwa. Katika mvua zilizopita nguzo moja iliinama watoto wakiwa wanacheza chini yake. Hakuumia mtu. Kengele ikashushwa, ikatundikwa juu ya mwembe, na kamati ikaitwa.

Katika kamati walisimama watu wa namna mbili. Wa kwanza walisema tungoje mfadhili, kwa kuwa mfadhili akija atajenga mnara wa saruji. Hawa sina neno nao; wamekuwa wakingoja tangu nilipokuwa na meno yote. Wa pili alikuwa mama mmoja, akasema, "Wazee wangu, zahanati yetu kina mama wanalala wawili kitanda kimoja. Mtanunua nguzo za kengele?" Hilo lilinichoma, na mpaka leo sina jibu lake kamili. Nilimwambia tu kwamba nguzo ile ikimwangukia mtoto tutampeleka katika zahanati ile ile. Akaniambia, "Hilo si jibu, baba." Ni kweli, halikuwa jibu. Hata hivyo yeye ndiye aliyetoa debe la mahindi la kwanza, na kwa shauri lake ikakubaliwa kwamba mnada wa mwezi ujao uwe wa kitanda.

Mnada wa kengele ulifanyika Jumapili baada ya Misa. Palikuwa na mayai, ndizi, miwa mitano iliyofungwa kwa kamba, mkeka, na mbuzi mmoja mkaidi aliyekula sehemu ya mkeka kabla haujauzwa. Kijana mmoja wa kamati, aliyekuwa amenisikia barazani, alimwendea bibi jirani yangu akamwomba ule mnara wa kabatini uletwe mezani. Alimwambia kwamba huko Marekani ungepiganiwa.

Bibi akamtazama. "Huo hapana," akasema. "Huo ni wa baba yenu. Mchukueni yule tetea mweupe."

Tetea akauzwa mara nne. Hesabu iliandikwa kwa kalamu nyekundu ikabandikwa mlangoni, jina kwa jina, hata lile la mtoto aliyetoa yai moja. Fedha ilitosha nguzo moja ya chuma na mfuko wa saruji. Nguzo hiyo imekwisha simamishwa. Ya pili yangoja malipo ya miwa, na kengele ingali mwembeni; katekista amepiga uzio wa miiba chini yake ili watoto wasipite.