ARDHI IKISHATOKA KIJIJINI HAIRUDI YENYEWE

Bismillahir Rahmanir Rahiim.



Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kujilaumu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mkutano wa kijiji kimoja nifungue kwa dua. Turubai limefungwa, mgeni rasmi amefika, pilau linanukia. Nikasoma dua, nikamuomba Allah autie baraka mradi, nikapewa nauli yangu, nikaondoka. Sikuuliza ni mradi gani. Sikuuliza ni ekari ngapi zinatolewa, wala kwa muda gani.

Mwaka uliofuata nikarudi kijiji kile kile kwa maziko. Bibi mmoja akanishika mkono, akaniambia: "Shehe, ule msitu tuliokuwa tukiokota kuni sasa una mlinzi. Na wewe ndiye uliyetuombea dua." Hakunitukana. Lingekuwa tusi ningelisahau.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo ambalo masheikh tunalikimbia, tukisema hilo ni la serikali, hilo ni la wanasiasa. Sera ya ardhi ni suala la haki za waja. Na haki za waja, mnajua wenyewe, hazifutwi kwa istighfari peke yake mpaka mwenyewe arudishiwe haki yake au asamehe.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania Bara tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ameshikishwa kama mdhamini. Lisikilizeni neno hilo: mdhamini. Kwa lugha yetu, hiyo ni amana. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, lakini halmashauri haiwezi kuigawa kama karanga. Lazima irudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana sauti. Mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke, sheria hiyo inaibatilisha. Kisha mwaka 2007 ikaja Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi: kijiji kikae, kipange wapi ni mashamba, wapi malisho, wapi msitu, wapi makaburi, wapi vyanzo vya maji.

Sheria si mbaya. Tatizo ni kwamba Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, na vingi bado havina mpango huo. Kijiji kisicho na mpango, mgeni akija na ramani yake huona pori tupu. Haoni kuni za bibi. Haoni malisho ya msimu. Haoni shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba. Yote hayo kwake ni "ardhi isiyotumika".

UMAR (RADHIYALLAHU ANHU) ALIPANGAJE?

Umar bin Khattab alikuwa na malisho ya hifadhi, yaitwayo himaa, kwa ajili ya wanyama wa sadaka na wa jihadi. Akamweka msimamizi, mtu aliyeitwa Hunayy. Maagizo aliyompa yamo katika Sahihi ya Bukhari, na laiti kila afisa ardhi angeyabandika ukutani mwake.

Kwa ufupi alimwagiza hivi: awe mpole kwa watu, aiogope dua ya aliyedhulumiwa, amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan. Subhanallah! Hao ni masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo. Hawakuwa madhalimu. Walikuwa matajiri tu. Na Umar akaeleza sababu: hawa wakifiwa na mifugo yao, wana mashamba na mitende ya kurudia. Mwenye ngamia wawili akifiwa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa khalifa akilia, na khalifa hawezi kumwacha. Kwa hiyo kumpa maji na majani leo ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha kesho.

Haya wanayoyaita leo maendeleo endelevu, Umar aliyaeleza kwa hesabu ya malisho. Mnyonge akipoteza ardhi, gharama haipotei. Inahamia mahali pengine: kwa kijana anayekimbilia mjini kubeba mizigo, kwa mama anayekata mkaa kwenye msitu uliobaki, kwa mfugaji anayeingiza ng'ombe kwenye mpunga wa mwenzake. Mnakumbuka Kilosa, Desemba 2000? Wakulima na wafugaji walipigana, watu zaidi ya 30 wakauawa. Damu hiyo ni ghali kuliko mpango wowote wa malisho ambao ungeandikwa mapema.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Tazameni Kisarawe, hapa hapa Pwani, jirani na Dar es Salaam. Kufikia mwaka 2009 kampuni moja kutoka Uingereza ilikuwa imepata zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99, kutoka katika vijiji 11, ili ipande mibono ya kukamua mafuta ya magari. Vijana waliajiriwa, na kweli wengine walipata mshahara. Mwaka 2011 mradi ukaanguka. Mamia ya wafanyakazi wakakosa kazi, na wanavijiji wakalalamika kuwa ahadi za huduma walizopewa hazikutimizwa.

Na ardhi je? Ili mwekezaji wa nje apewe hati, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla. Ikishavuka mstari huo, mradi ukifa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Mbono umekauka, kampuni imeondoka, lakini shamba la babu yako bado liko kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Linganisheni na Umar tena. Imepokewa kuwa Bilal bin Harith alipewa eneo la Al-Aqiq na Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) mwenyewe. Zama za Umar, alipoonekana hawezi kulilima lote, Umar akamwachia analoliweza na kilichobaki akakigawa kwa watu. Alikuwa sahaba, na aliyempa ni Mtume. Itakuwaje kwa kampuni iliyofilisika?

"SHEIKH, UNAPINGA WAWEKEZAJI?"

Hapana. Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) aliwaacha Mayahudi wa Khaybar wailime ardhi kwa makubaliano ya nusu ya mavuno. Wao ndio waliokuwa na ujuzi wa mitende. Kazi ilifanyika, chakula kilipatikana, na ardhi haikutoka mikononi mwa Waislamu. Huo ni ubia. Kule Kilombero, maelfu ya wakulima wadogo huuza miwa yao kwenye kiwanda cha sukari huku mashamba yakibaki yao. Wana malalamiko yao ya bei na ya vipimo, hilo halifichiki. Lakini mwenye malalamiko akiwa bado na shamba lake, ana pa kusimama anapolalamika.

Kwa hiyo mwekezaji aje na kiwanda, mbegu na soko. Kabla ya kumpa ardhi yenyewe, tuulize mara saba.

TUFANYE NINI?

1. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Harusini tunajaa, kwenye khitma tunajaa, siku ya kujadili ardhi tunatuma mtoto akatusainie mahudhurio. Saini hiyo ni ushahidi, nawe utaulizwa.

2. Shinikiza kijiji kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi, na wafugaji na akina mama wakae mezani wakati unapoandikwa. Wao ndio wanaojua maji yako wapi wakati wa kiangazi.

3. Fidia ikubaliwe na iandikwe kabla ardhi haijahamishwa. Sheria inataka hivyo. Ahadi ya kisima iliyotolewa kwenye kipaza sauti haina mwenyewe.

4. Nyinyi maimamu na masheikh wenzangu: kabla ya kusoma dua ya ufunguzi, ulizeni kinachofunguliwa.

Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) ametutahadharisha kwamba anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hiyo ni shubiri moja. Sasa piga hesabu ya hekta.

Na ile dua ya aliyedhulumiwa, aliyomwonya Umar Hunayy, baina yake na Allah hamna pazia. Mimi niliomba dua yangu chini ya turubai, nikala pilau. Bibi yule ana yake, anaiomba usiku akiwa hana kuni. Nimerudi kwake kumuomba msamaha. Amenisamehe mimi, lakini msitu haujarudi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuifuate, na utuepushe kuwa mashahidi wa dhulma kwa saini zetu, kwa ukimya wetu na kwa dua zetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako aliye kijijini. Wallahu a'lam.